Santuri, kanda na simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sauti iliyonaswa

Maswali haya yametoka kwa watu wanaoniletea santuri na kanda hapa Kisumu nizihamishie kwenye kompyuta. Wengine hutoka mbali: Bungoma, Mumias, Kericho, Nakuru. Mzigo huja ndani ya katoni au gunia, na maswali huja pamoja nao. Nimeandika yale yanayorudi sana. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu mambo yenyewe hayalingani uzito. Muziki wa huku kwetu nimeupa nafasi kubwa kwa makusudi.

Je, Edison ndiye mtu wa kwanza kunasa sauti?

Ndiye wa kwanza kuinasa kisha akairudisha masikioni. Katika kuinasa tu, alitanguliwa kwa miaka 20. Mwaka 1857 Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville, mtu wa kazi ya uchapaji jijini Paris, alisajili chombo chenye pembe ya kukusanya sauti, utando unaotetemeka, na unywele mgumu uliochora mitetemo hiyo kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Nia yake ilikuwa sauti isomwe kwa macho, basi. Michoro yake ilikaa kimya hadi mwaka 2008, watafiti wa Marekani walipoipitisha kwenye kompyuta na kusikia mtu akiimba wimbo wa Kifaransa uliochorwa mwaka 1860.

Aprili 1877 Mfaransa mwingine, Charles Cros, aliandika jinsi mchoro wa namna hiyo ungeweza kugeuzwa kuwa sauti tena, lakini hakuwa ameunda mashine. Edison aliiunda miezi michache baadaye katika karakana yake ya Menlo Park, New Jersey. Sindano iliyotetemeshwa na sauti ilikandamiza karatasi ya bati iliyozungushiwa silinda. Sindano ikirudishwa mwanzo na silinda ikizungushwa tena, maneno yanatoka. Hataza yake ilitolewa Februari 1878.

Kinachonigusa zaidi kwa Edison ni orodha aliyochapisha mwaka huo wa 1878, ya kazi ambazo mashine yake ingefanya. Ya kwanza ilikuwa kuandika barua kwa kusema. Vikafuata vitabu vya kuwasomea vipofu. Muziki ulikuwa nyuma ya hayo. Na humo humo alitaja kuhifadhi sauti za watu wa familia, hata maneno ya mwisho ya mtu anayekufa. Katika kazi yangu, watu hulilia hicho zaidi ya kitu kingine. Mtu huleta santuri ishirini za bendi kubwa, lakini huuliza kwanza habari za ile kanda moja ambayo nyanya yake anasikika akicheka.

Basi kwa nini tulipata sahani, si silinda?

Kwa sababu ya Emile Berliner, mzaliwa wa Hannover aliyehamia Marekani. Mwaka 1887 alisajili gramafoni inayotumia sahani bapa, ambayo mfereji wake unayumba kushoto na kulia badala ya kuzama na kuinuka. Faida kubwa ilikuwa kiwandani. Kutoka kwenye sahani moja ya mwanzo unapata muhuri wa chuma, na muhuri huo unagandamiza nakala maelfu. Katika miaka ile ya mwanzo silinda hazikuwa na njia rahisi kama hiyo. Mwimbaji aliweza kulazimika kuimba wimbo uleule tena na tena siku nzima ili nakala zitoshe.

Sauti inakaaje ndani ya mfereji?

Chukua kioo cha kukuza utazame santuri chini ya jua. Utaona mfereji haujanyooka, una mawimbi. Mawimbi mapana ni besi, vijikunjo vidogo ni sauti za juu: upatu, herufi “s” mdomoni mwa mwimbaji, ukucha ukigusa waya wa gita. Sindano inafuata mawimbi hayo, inatetemeka vilevile sauti ilivyotetemeka studioni, na mtetemo huo unageuzwa kuwa umeme mdogo sana unaopelekwa kwenye kikuza sauti na mwisho spika.

Kuna jambo moja hapa ambalo mafundi wengi hawalijui, nalo hufanya watu wadhani santuri zao zimeharibika. Besi ikichongwa kwa nguvu yake yote mfereji unakuwa mpana mno na kula nafasi. Kwa hiyo wanaochonga hupunguza besi na kuongeza sauti za juu kwa kipimo maalumu, ambacho tangu miaka ya 1950 kimekuwa kimoja kwa karibu kampuni zote. Kikuza sauti chenye tundu la santuri hurudisha besi mahali pake. Ukichomeka kicheza santuri kwenye tundu la kawaida la redio, utasikia sauti nyembamba, ndogo, inayokwaruza. Santuri haina kosa. Tafuta kikuza sauti kinachofaa.

Santuri za babu zilivunjika kama sahani ya udongo. Za baba zinapinda tu. Kwa nini?

Za babu ni shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye miti huko India na nchi jirani. Kiwandani shelaki ilichanganywa na unga wa mawe, ndiyo maana santuri hizo ni nzito na hukatika zikianguka. Unga ule pia ulikuwa na kazi: ulisaga ncha ya sindano ya chuma mpaka ikaenea vizuri mferejini. Sindano iliumia ili santuri isiumie haraka, na ilipaswa kubadilishwa baada ya kila upande. Familia nyingi hazikuwa na sindano za kutosha, zikatumia moja wiki nzima, na matokeo yake nayasikia leo: sauti imefunikwa na mvumo wa mfereji uliochakaa.

Za baba ni vinili, plastiki laini na nyepesi isiyo na unga huo. Haivunjiki ovyo, lakini joto huipinda. Santuri iliyoachwa dirishani au nyuma ya gari mchana wa Kisumu inaweza kugeuka bakuli kabla ya saa kumi.

Gramafoni zilifikaje vijijini ambako hakukuwa na umeme?

Hazikuhitaji umeme. Tangu mwisho wa karne ya 19 ziliendeshwa na springi: unazungusha mkono wa chuma, springi inajikaza, sahani inazunguka. Sauti ilitoka kwa nguvu ya sindano na pembe peke yake. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na katika miongo iliyofuata mizigo ya maduka ilipita njia hiyo. Waliotoka kazini mijini na askari waliorudi kutoka vita vya pili vya dunia walileta gramafoni na magita nyumbani.

Kuhusu nguvu ya mashine ile sina ushahidi mzuri kuliko wa Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alinasa pale wasichana wakiimba kwa zeze la kwao kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zikipigwa kwenye gramafoni vijijini. Waliomsikia hawakuwahi kumwona. Wakamtengeneza wao wenyewe, nusu mtu nusu mnyama wa porini, wakamtungia wimbo katika muziki wao. Kwangu mimi hii ni moja ya rekodi kubwa kabisa zilizowahi kufanywa Kenya: santuri imevuka bahari, imesikika bila maelezo, na masikio ya Kericho yameijibu. Nakala za rekodi za Tracey ziko katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo sasa iko Afrika Kusini katika mji uliojulikana kama Grahamstown. Zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa, nakala zilirudishwa kwa watu wa eneo lilelile.

Nambari 78, 45 na 33 zina maana gani?

Ni mizunguko kwa dakika. Ya 78 ndiyo ya santuri za shelaki, na upande wa sahani ya inchi 10 hubeba kama dakika tatu. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilitoa sahani kubwa ya vinili inayozunguka mara 33 na theluthi, yenye mfereji mwembamba zaidi na dakika ishirini na kitu kila upande. Mwaka uliofuata RCA Victor ikajibu kwa sahani ndogo ya inchi 7, mizunguko 45.

Hiyo ndogo ya 45 ndiyo iliyotulea. Benga, muziki wa magita wa Wajaluo, karibu yote ya miaka ya 1960 na 1970 ilitoka kwa umbo hilo, nalo liliufinyanga muziki. Wimbo wa benga unaanza kwa maneno: sifa za mtu, kisa cha mapenzi, jina la aliyegharimia. Kisha sauti inanyamaza, gita la solo linapanda, besi inalijibu, na watu wanacheza. Upande mmoja wa 45 hauzitoshi sehemu hizo mbili, ya maneno na ya gita. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa nyuma, na aliyekuwa akishughulikia mashine kwenye sherehe alipaswa kuigeuza haraka kabla wachezaji hawajapoa. Ninapounganisha pande hizo mbili kwenye kompyuta, mara nyingi naona bendi haikusimama kabisa. Waliendelea kupiga na mhandisi akafifisha sauti mwisho wa upande wa kwanza. Nakuomba, ukinakili santuri zako, usiunganishe pande mpaka uwe umehifadhi kila upande kama ulivyo.

Kwa nini rekodi za kale sana hazina ngoma wala besi ya kueleweka?

Kabla ya mwaka 1925 hakukuwa na maikrofoni studioni. Wanamuziki walisongamana mbele ya pembe, na nguvu ya pumzi na waya ndiyo iliyosukuma sindano ya kuchonga. Besi haikuweza kuchongwa vizuri, ngoma kubwa ingeirusha sindano, na sauti laini ilipotea. Mwaka 1925 kampuni za Marekani zilianza kutumia mfumo wa umeme uliotoka Western Electric: maikrofoni, kikuza sauti, kichongeo cha sumaku. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, aliporekodiwa Bombay mwaka 1928, mfumo wa umeme ulikuwa tayari umeshika. Bahati njema kwetu wasemaji wa Kiswahili. Kwa ile pembe, nusu ya sauti yake na ya udi isingetufikia.

Nyimbo za Wajaluo, Waluhya na Wakalenjin zilirekodiwa wapi?

Nyingi Nairobi, kwa kuwa studio kubwa na mitambo ya kugandamiza santuri ilikuwa huko. Lakini si zote, na hapa nataka kukaa kidogo.

Kericho palikuwa na duka na studio ya Chandarana. Familia hiyo ya Wahindi wa Kenya ilirekodi benga, muziki wa Wakalenjin na magita ya Waluhya, ikauza santuri chini ya chapa zake. Bendi za Nyanza zilipanda milima ya chai kwenda kurekodi huko. Ukiwa na 45 ya zamani nyumbani, soma karatasi ya katikati kwa makini. Ukiona Kericho imeandikwa pale, umeshika kitu kilichofanywa karibu na kwako.

Kisha kuna Phares Oluoch Kanindo, aliyekuwa mtayarishaji na mfanyabiashara wa benga. Mojawapo ya chapa zake iliitwa Sungura. Santuri zake zilifika kusini mwa Afrika, zikapendwa sana Zimbabwe, hadi watu wa huko wakaita muziki wa aina hiyo kanindo, na baadaye gita lao wenyewe la kasi likaitwa sungura. Kijana wa Harare anayecheza sungura leo anatamka chapa ya santuri ya Mjaluo. D. O. Misiani na Shirati Jazz, Collela Mazee na Victoria Jazz, George Ramogi: majina haya yalitembea kwa njia ya sahani ndogo ya inchi 7 mbali kuliko yalivyotembea kwa basi.

Upande wa Waluhya kuna omutibo, gita kavu la vidole ambalo dole gumba linatembeza besi huku vidole vingine vikiimba. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, ndiye jina kubwa kuliko yote hapo. Mdundo ulitoka kwenye chupa ya Fanta, ile ya kioo yenye mistari, iliyokwaruzwa na kugongwa kwa chuma. Abana ba Nasery wa Bunyore waliendeleza mtindo huo. Rekodi za omutibo hunifundisha kwamba studio ndogo yenye maikrofoni moja si upungufu: gita, chupa na sauti tatu zikipangwa kwa umbali sahihi, hakuna cha kuongeza.

Ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho ni hadithi nyingine. UNESCO iliziweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ukiwa na kanda ya isukuti iliyorekodiwa kwenye matanga au harusi ya zamani huko Kakamega, usiitupe hata kama ina kelele.

Kanda ya kaseti inashikaje sauti bila mfereji?

Kwa sumaku. Mdenmark Valdemar Poulsen alionyesha mwaka 1898 kwamba waya wa chuma unaweza kubeba sauti kama alama za sumaku. Mwaka 1928 Fritz Pfleumer wa Ujerumani alipaka unga wa chuma kwenye ukanda wa karatasi, na mwaka 1935 kampuni ya AEG ikaonyesha mashine ya kwanza ya kanda iliyofanya kazi vizuri. Baada ya vita Wamarekani waliichukua mashine hiyo kwao, na mwaka 1948 kanda zilikuwa zimeanza kutumika redioni. Faida yake studioni ilikuwa kwamba kosa linafutika, na mkanda unaweza kukatwa kwa wembe na kuungwa.

Kaseti tunayoijua ilitolewa na Philips mwaka 1963, kazi ya kikundi kilichoongozwa na Lou Ottens. Mkanda wake una upana usiofika milimita 4 na unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde, polepole mno ukilinganisha na sentimita 38 za mashine za studio. Ndiyo sababu ya ule mvumo unaousikia nyuma ya muziki: alama za sumaku ni chache kwa kila sekunde.

Kaseti ilibadilisha nini hasa?

Ilimpa mtu wa kawaida uwezo wa kurekodi. Santuri ulinunua, ukasikiliza, basi. Redio kaseti ilikuwa na kitufe chekundu. Watu walirekodi nyatiti (ala ya nyuzi ya Wajaluo) ya mzee wa jirani, mahubiri, mazungumzo ya kupokea mahari, salamu za kutumwa kwa ndugu aliyeko Nairobi au ng’ambo ambaye barua haingemtosha. Hakuna duka lililowahi kuuza rekodi hizo, na hakuna nakala yake popote ila ile iliyo kabatini mwako.

Kaseti hiyohiyo iliua biashara ya santuri. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 ilikuwa rahisi kununua 45 moja na kuuza nakala mia. Wanamuziki walisikia nyimbo zao kwenye kila matatu kutoka Busia hadi Nakuru bila senti kuwafikia. Nawapenda wale wauzaji wa kanda kwa kuwa walihifadhi nyimbo ambazo santuri zake zimepotea, na bado nasema walichokifanya kiliwavunja watunzi. Mambo yote mawili ni kweli.

Na CD?

Ilianza kuuzwa mwaka 1982, kazi ya pamoja ya Sony na Philips. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikaandikwa kama nambari, na nambari zikasomwa kwa mwanga wa leza. Sahani ya sentimita 12 ilibeba dakika 74. Huku kwetu zilizoenea zaidi ni zile za kuchomwa kwenye kompyuta dukani. Hizo hazidumu kama zile za kiwandani. Kama harusi yako iko kwenye CD ya kuchomwa ya mwaka 2005, inakili leo.

MP3 inaondoa nini kwenye sauti?

CD hutumia biti (vipande vidogo kabisa vya data) 1,411,000 hivi kwa sekunde. MP3 ya kawaida ya zamani ilitumia 128,000, karibu sehemu moja ya kumi na moja. Watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani, wakiwemo Karlheinz Brandenburg na wenzake, walitegemea udhaifu wa sikio: sauti kubwa huificha sauti ndogo iliyo karibu nayo. Programu inakisia yale ambayo hutayasikia, inayaacha. Jina la faili lilichaguliwa mwaka 1995, na ndani ya miaka michache muziki ukapita kwenye intaneti.

Kwa simu na matatu inatosha kabisa. Kwa kuhifadhi, usiitumie. Kilichotupwa hakirudi, na kanda yenye mvumo huisumbua programu: inatumia biti zake kufuatilia kelele badala ya nyatiti.

Santuri ina sauti bora kuliko simu?

Kwa vipimo, hapana. CD au faili nzuri ina kelele kidogo na haichakai. Lakini benga ya 45 ilichanganywa studioni ikikusudiwa 45, isikike kwenye spika moja, na faili nyingi zinazozunguka mtandaoni zimetokana na kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti. Ukilinganisha hizo na santuri safi, santuri inashinda kwa mbali. Tatizo ni nakala mbovu.

Nawezaje kusafisha santuri na kanda zangu?

Kwanza jua ni za nini. Usipake spiriti wala kilevi chochote kwenye santuri ya shelaki: inayeyusha shelaki. Hilo naliweka kwa wino mzito kwa sababu nimeona santuri za thamani zikiharibika hivyo. Shelaki ifutwe kwa kitambaa laini chenye maji safi kidogo na sabuni hafifu, ikaushwe mara moja. Vinili inavumilia zaidi, lakini karatasi ya katikati isilowe. Jina la mtunzi liko pale.

Zisimamishe wima, usizilaze zikibebana. Karibu na ziwa adui ni unyevu unaoleta ukungu. Kule Nakuru ni vumbi. Pande zote mbili dawa ni kabati linalofungwa na linalopitisha hewa kidogo.

Kaseti iliyokaa miaka bila kuguswa usiitie mashineni na kubonyeza moja kwa moja. Iweke kalamu kwenye tundu, izungushe taratibu uone kama inanata. Tazama kile kipande kidogo cha sponji katikati. Kikiwa kimedondoka, sauti itakuwa hafifu, lakini fundi anaweza kuuhamishia mkanda kwenye ganda la kaseti nyingine. Kabla ya kunakili vunja vile vijino viwili mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kichwa cha kusomea cha mashine kisafishwe kwa pamba na isopropili, mpaka pamba iache kutoka na rangi ya kahawia.

Naweza kupiga 78 kwa kicheza santuri cha kisasa?

Kama kina mwendo wa 78 na sindano yake maalumu, ndiyo. Mfereji wa 78 ni mpana karibu mara tatu ya ule wa vinili. Sindano ya kawaida huzama chini kabisa kwenye vumbi na kutoa makelele. Kinyume chake ni hatari zaidi: sindano nene ya gramafoni ikiwekwa kwenye vinili inaikata mara moja.

Nikinakili, nitumie faili gani?

WAV au FLAC, aina za faili zisizoondoa sauti kama MP3, biti 24, vipimo 48,000 kwa sekunde au zaidi. Usiondoe kelele katika nakala ya kwanza. Safisha nakala ya pili upendavyo, ya kwanza ibaki na mikwaruzo yake, kwa kuwa programu za kesho zitakuwa nzuri kuliko za leo. Weka nakala mahali pawili tofauti. Flashi peke yake si hifadhi.

Na andika majina. Faili inayoitwa “kanda 3” haina maana baada ya miaka kumi. Mketishe mama au mzee anayezijua sauti hizo, mpigie kanda, muulize nani anaimba, kijiji gani, kwa lugha gani, nani alipiga ngoma, ilikuwa shughuli ya nani. Rekodi na mazungumzo hayo pia.

Kuziweka mtandaoni kunaruhusiwa?

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, rekodi inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi unalindwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Ni haki mbili tofauti. Rekodi ya Misiani ya mwaka 1970 imetoka kwenye ulinzi wa rekodi, lakini yeye alifariki mwaka 2006, kwa hiyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2056. Kuweka nakala ya familia ni jambo moja. Kuuza au kupandisha mtandaoni kunataka ruhusa ya warithi. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ndiyo ofisi ya kuuliza.

Kuna watu wananunua santuri za zamani. Niuze?

Ni zako. Wakusanyaji wa Ulaya na Amerika wanaitafuta benga, na 45 isiyo na mikwaruzo inaweza kuwa na bei nzuri. Ombi langu ni moja: inakili kabla haijaondoka, upige na picha karatasi zote mbili za katikati. Zikishavuka mpaka, mjukuu wako atalazimika kuinunua sauti ya ukoo wake kutoka kwa mtu wa mbali.

Nina boksi zima na siwezi kuyafanya yote. Nianze na ipi?

Anza na kaseti zilizorekodiwa nyumbani, hasa zenye sauti za watu na ala za asili: nyatiti, litungu, isukuti. Hizo ndizo za pekee duniani. Zifuatazo ni 45 za chapa ndogo za huku, hata zile za bendi ambazo hujawahi kuzisikia. Na hasa hizo. Baadaye santuri za shelaki ambazo hazijavunjika. Mwisho kabisa ni zile sahani kubwa za rumba la Kongo na za Wamarekani zenye majalada mazuri. Zinapendeza ukutani, lakini nakala zake zimejaa kila mahali, zinaweza kusubiri.